Hoja: Runinga za mabasi ya mbali zizimwe mchana, watoto waone njia

Mama wa wawili, Kampala
Ndugu zangu, hili linanichoma. Juzi nilikwenda harusini Arua, kule West Nile, kaskazini magharibi mwa Uganda, na wanangu, wa miaka 3 na wa miaka 5. Hata Bombo hatujafika, kondakta akawasha runinga: filamu ya mapanga na bunduki, sauti juu. Mdogo akajificha kifuani mwangu hadi Luweero. Nilipoomba izimwe, abiria mmoja akasema, "Mama, mpe mtoto simu atulie." Kumbe dawa ya skrini ni skrini nyingine!

Kinachoniuma zaidi ni mapazia. Yalivutwa ili filamu ionekane vizuri. Tulivuka Nile pale Karuma, tukaivuka tena Pakwach, mahali ambapo ukibahatika unaona tembo kando ya barabara, na wanangu hawakuona kitu. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019 kuhusu watoto walio chini ya miaka 5: wa miaka 2 hadi 4 wasizidishe saa 1 ya skrini kwa siku, na mtoto mdogo asibanwe mahali pamoja zaidi ya saa 1 mfululizo. Safari hii ni kama kilomita 480, na basi lilisimama mara moja tu. Nasema runinga izimwe mchana, na basi lisimame mara mbili zaidi, dakika kumi kumi.

Kondakta, njia ya West Nile
Mama, nakuheshimu, lakini basi si la watoto peke yao. Nikizima, vijana wa nyuma wananipigia kelele hadi mwisho wa safari. Na kusimama si popote. Karuma nyani wanakuja hadi mlangoni wakinusa ndizi, kwa sababu abiria wamewazoesha kuwatupia chakula. Nimshushe mtoto wa watu pale? Tena ukijumlisha hizo dakika kumi na watu wanaochelewa kurudi, giza linatukuta njiani.

Babu, Bombo
Wanangu, sisi tulisafiri na vitendawili. "Kitendawili!" "Tega!" "Popo mbili zavuka mto." Aliyeshindwa kujua kuwa ni macho huombwa mji. Basi wajukuu zangu hunipa mji ule ule tunaoupita: Wobulenzi, Luweero, Kigumba. Kufika Karuma nina miji mingi, na wao wamejua njia kwa majina yake. Lakini mchezo huo hauchezeki mahali ambapo bunduki zinalia juu ya vichwa vyetu. Hapo niko na huyu mama.

Mzazi wa pacha, Mbarara
Mzee wangu, wajukuu zako wanajua kusema. Mimi nilipanda basi peke yangu na pacha wa miaka miwili, mmoja anatapika, mwingine analia kwa sababu mwenzake analia. Simu yenye katuni ndiyo iliyoniokoa. Tafadhali msituhukumu sisi tunaosafiri bila mtu wa kutupokea mtoto.

Mama wa wawili, Kampala
Dada, pole sana. Sikuhukumu, na ningefanya hivyo hivyo. Maneno yako yamenisaidia kuona ninachokipinga hasa. Simu yako unaiwasha wewe, unachagua katuni wewe, na unaizima wewe. Runinga ya basi nimechaguliwa na mtu asiyemjua mwanangu. Hotelini Arua tulilala usiku mbili, chumba kidogo, mvua nje, watoto wamechoka kukaa. Rimoti ilikuwa mezani, sikuigusa. Niliwawekea beseni la maji bafuni na vikombe viwili, wakamiminiana asubuhi nzima. Sakafu ililoa, nikaikausha mwenyewe kabla mhudumu hajaja. Mzazi akipewa nafasi ya kuchagua, atatafuta njia. Ndani ya basi sina nafasi hiyo.

Kondakta, kuhusu nyani umenishinda. Basi tusisimame Karuma, tusimame penye kituo cha mafuta na choo. Na mapazia je?

Kondakta, njia ya West Nile
Mapazia na filamu viko mkononi mwangu. Kesho naondoka saa moja asubuhi. Filamu za kuuana sitaweka, na tukikaribia mto nitayafungua mapazia. Kusimama zaidi sikuahidi, hilo ni la mwenye gari. Nitamfikishia.