Naomba ushauri: grili za madirisha ya bweni na kufuli lisiloshika kutu

MwalimuWaZamu: Assalaam aleikum, hamjambo nyote. Mimi ni mwalimu wa bweni katika shule ya wavulana upande wa Kisauni, Mombasa. Bweni lina vitanda vya juu na chini 32, wanafunzi 64. Madirisha ni manane na yana waya wa mbu tu. Nataka yawekwe grili kabla ya wiki kwisha. Je, nitumie chuma cha mraba au cha bapa? Rangi gani inastahimili hewa ya bahari? Na kufuli la nje la mlango, la kufunga usiku, ni lipi lisiloganda kwa kutu? Nina haraka, nisaidieni.

FundiTudor: Waaleikum salaam mwalimu. Chuma cha mraba cha milimita 12 chatosha. Pwani kinachoua grili ni viungo. Fundi akishachomelea asipogonga mavi ya chuma, yaani ganda linalobaki juu ya kiungo, yakatoka yote, chumvi huingia chini yake na rangi hubanduka baada ya miezi michache. Sugua kwa brashi ya waya hadi chuma king'ae, paka rangi ya zinki mara mbili, ndipo upake rangi ya mafuta mara mbili. Kufuli chukua la shaba, la chuma halitafika masika mawili.

MamaWaChangamwe: Watoto wa siku hizi hawana adabu, hilo ndilo tatizo. Simu zimewaharibu. Zamani mtoto alikuwa na madrasa alasiri na akikosa alirudiwa na mtaa mzima. Wekeni grili na mrudishe malezi.

MkaguziWaPwani: FundiTudor, kazi yako naiheshimu, lakini hapa umejibu swali lisilofaa kujibiwa. Mwongozo wa usalama wa shule uliotolewa na Wizara ya Elimu ya Kenya mwaka 2008 uko wazi. Madirisha ya bweni yasiwe na grili na yafunguke kwa nje kwa urahisi. Mlango uwe na upana wa futi 5 angalau, ufunguke kwa nje, na usifungwe kutoka nje watoto wakiwa ndani. Kuwe na mlango kila mwisho wa bweni, na mwingine wa dharura katikati. Kati ya kitanda na kitanda iwe mita 1.2, na njia ya kupita mita 2.

Sheria hizo zina makaburi nyuma yake. Bweni la Kyanguli, Machakos, liliungua Machi 2001, wakafa wavulana 67. Madirisha yalikuwa na vyuma na mlango mmoja ulikuwa umefungwa. Na bweni la Bombolulu ya Mazeras, 1998, hapo karibu na sisi, moto uliua wasichana zaidi ya ishirini. Godoro la povu likishika moto hutoa moshi wa sumu, na mtu huanguka kabla moto haujamfikia. Mwenye kutafuta funguo wakati huo hawahi.

Sasa niambie mwalimu, kwa nini wiki hii? Kumetokea nini?

MwalimuWaZamu: Wezi tu. Wanaingia kuchukua simu na viatu.

MkaguziWaPwani: Mwizi huzuiwa kwenye ukuta wa shule, kwa taa na mlinzi. Kufuli la nje linamzuia aliye ndani kutoka. Nani unayetaka asitoke?

MwalimuWaZamu: Haya, nitasema. Juzi usiku mvulana wa kidato cha pili alitoka kwa dirisha. Mlinzi alimkuta kwenye ngazi ya tangi la maji. Akamwambia amechoka kuishi. Alimshusha kwa maneno, alhamdulillahi.

Msinilaumu kabla hamjajua. Nusu ya pesa za grili nimeshampa fundi. Wanafunzi wawili wenzake kijana nimewaambia wamchunge. Jana nilifunga kufuli na ufunguo nililala nao. Mwalimu mkuu ameshaandika barua, kesho asubuhi kijana arudi kwao Likoni apumzike wiki mbili. Nyumbani ni salama zaidi, au sivyo?

NesiWaMchana: Mwalimu, acha grili kwanza, tuzungumze habari ya leo usiku.

Mtoto huyu asipande matatu peke yake kesho. Akishika barua ya kufukuzwa, hata mkiiita mapumziko, ataisoma kuwa shule imemchoka. Piga simu kwa mzazi sasa hivi, aje mwenyewe, umkabidhi mkono kwa mkono.

Hadi mzazi afike, alale chumba cha wagonjwa cha shule, na mtu mzima akeshe naye ndani ya chumba hicho, ikiwezekana wawili wapokezane. Wanafunzi wenzake waondolee mzigo huo. Wana miaka 15, na wakisinzia kikatokea kitu watajilaumu maisha yao yote. Ondoa dawa zote, za kichwa pia, na sumu ya panya na ya wadudu ya stoo ifungiwe.

Kisha kaa naye, mbali na masikio ya watu, umuulize waziwazi: je, unafikiria kujiua? Watu huogopa kwamba kuuliza kunampa wazo. Hakumpi, humfungulia mlango wa kusema. Akisema ndiyo, uliza amepanga vipi, lini, na ana nini cha kutumia. Mwenye mpango na siku yuko hatarini zaidi ya mwenye mawazo tu, na apelekwe hospitali usiku huu huu, Hospitali Kuu ya Pwani au Port Reitz, ambako kuna wahudumu wa afya ya akili. Usimwahidi siri. Mwambie: nitawaambia wale tu wanaoweza kukusaidia. Na paredi ya kesho isitaje jina lake wala tukio.

Abu_Kongowea: Mkimpeleka hospitali ripoti itafika polisi na atashtakiwa. Sheria inasema kujaribu kujiua ni kosa. Afadhali asomewe dua nyumbani.

NesiWaMchana: Ndugu yangu, hofu hiyo ndiyo imewaficha watoto wengi. Januari 2025 Mahakama Kuu ilitangaza kifungu hicho, cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kuwa kinyume na Katiba. Dua asomewe, na hospitali aende. Kimoja hakimzuii mwenziwe.

Mwanahalisi_Bamburi: Bweni zifungwe zote, watoto walale kwa wazazi wao. Moto wa bweni la Endarasha, Nyeri, Septemba 2024, tumezika 21. Tutangoja nini tena?

MamaWaChangamwe: Na walio na nyumba ya chumba kimoja watasomea wapi usiku?

Shahidi254: Wenzangu, mnachezewa. Kisa hiki kimetungwa. Kwanza alikuwa na wezi, tulipombana akaja na tangi. Mwalimu wa bweni wa kweli anaujua mwongozo wa 2008. Huyu anataka tu watu waumie roho. Kama mimi naongopa, achukue futi apime mlango, apime kati ya vitanda, aseme mitungi ya kuzimia moto ni mingapi na mshale wa kipimo wa kila mmoja uko wapi. Mtunzi hatakuwa na namba hizo.

Mwanahalisi_Bamburi: Kweli, hata mimi nilishangaa mlinzi mmoja kumshusha mtu kwenye tangi peke yake.

NesiWaMchana: Hata kama kimetungwa, kuna mwalimu mwingine anasoma hapa na mtoto wake ni wa kweli. Sitafuta neno nililoandika.

MkaguziWaPwani: Vipimo alivyotaka Shahidi ni vya haki. Mwalimu, kapime.

MwalimuWaZamu: Nimerudi. Nimekawia kwa sababu nilianza na kijana, si futi.

Nilimuuliza kama Nesi alivyosema. Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema ndiyo. Hana siku aliyoipanga. Amerudishwa nyumbani kwa karo mara mbili muhula huu, na wa vidato vya juu humnyang'anya chakula cha usiku. Sikujua. Yuko chumba cha wagonjwa na matroni, na mlinzi yuko mlangoni. Mama yake nimempigia.

Vipimo ni hivi. Mlango sentimita 88, unafunguka kwa ndani. Mlango wa pili upo, lakini umezibwa na magodoro mabovu. Kati ya vitanda sentimita 60. Mitungi miwili, mshale wa mmoja uko kwenye nyekundu, wa pili hauna pini. Chini ya vitanda vitatu nimekuta dawa ya mbu ya kuwasha, chandarua kikigusa sakafu. Kufuli nimelitoa.

Shahidi254: Nimekukosea mwalimu. Nisamehe.

MkaguziWaPwani: Mlango wa kufunguka ndani ndio mbaya kuliko vyote ulivyotaja. Watoto 64 wakiusukuma, waliotangulia hubanwa nao na hauvutiki tena. Usiku huu toa magodoro kwenye mlango wa pili, uache wazi, mlinzi akae nje yake. Zima dawa ya mbu zote. Kesho mtungi wa mshale mwekundu ukajazwe, na usio na pini usiutegemee hadi ukaguliwe. Vitanda punguza, hamisha hata kumi kwenda darasa lililo tupu. Halafu fanyeni zoezi la kutoka, mara moja mchana na mara moja usiku taa zikiwa zimezimwa, mkiita majina uwanjani.

FundiTudor: Pesa uliyompa fundi haijapotea, badilisha oda. Chuma hicho hicho kitengeneze mlango wa mabati wa mbawa mbili, futi 5, wa kufunguka nje, komeo lake la ndani liwe la shaba na lisihitaji ufunguo. Waya wa mbu uwekwe kwenye fremu yenye bawaba, inayosukumwa kwa mkono mmoja. Bawaba zipakwe grisi kila mwezi, kwa hewa yetu hii zikikaa muhula mmoja bila kuguswa hukwama. Na ngazi ya tangi, kata kipande cha chini, mita 2 na nusu hivi, kiwe cha kutoa na kuweka. Kifungiwe stoo.

NesiWaMchana: Na atakaporudi shule, mkae kwanza: yeye, mama yake, na mwalimu mmoja anayemwamini. Andikeni pamoja dalili zinazomjia kabla hajazidiwa, kinachomtuliza, na nani atamwendea saa yoyote. Namba 116 ya watoto, isiyolipiwa, iwe kwenye karatasi hiyo. Mwalimu huyo amwone kila siku wiki za mwanzo, dakika tano tu. Chakula cha usiku apokee mbele ya mwalimu wa zamu. Habari ya karo azungumziwe mzazi, mtoto asitolewe darasani kwa ajili yake tena.

MwalimuWaZamu: Mwalimu mkuu nimemwamsha, barua ameirudisha. Ngazi ya tangi haikatiki usiku huu, nimeizungushia mnyororo na bati, na kufuli nililolinunua nimelifunga hapo. Mama wa kijana ameshavuka kivuko, yuko kwenye tuktuk.