Naomba ushauri: hii katuni ya Batman ya 1940 ni ya kweli au imechapwa upya?

Wakuu, habari zenu. Niko Chicago. Juzi kwenye mnada wa vitu vya zamani nimeokota Detective Comics namba 35, toleo la Januari 1940, lile ambalo Batman anafuatilia sanamu ya rubi iliyoibwa. Jaladani bei ni senti 10. Pini za mgongoni zina kutu, karatasi za ndani zimegeuka rangi ya chai ya maziwa, ila jalada linang'aa mno, na hapo ndipo roho inasita. Katuni maarufu za enzi hizo zilikuja kuchapwa upya. Mwenye uzoefu, nitaitambuaje? Na hizo pini nizitoe au nisiguse kabisa? Mke wangu keshaanza kuulizia bei za magari.