Mgongo uliopinda: vyuma au kamba?

Wakuu, mpwa wangu ana miaka 13. Sketi ya shule inamkaa upande, akiinama mbavu za kulia zinatokeza kama kigongo. Eksirei imesoma pindo la nyuzi 52. Daktari anataka kuunganisha pingili kwa skrubu na vyuma. Dada yangu hataki kusikia, kasoma habari za kamba: inafungwa kwenye pingili za upande uliobinuka ili usikue haraka, upande wa pili uufikie, mgongo ujinyooshe wenyewe. Vyuma anaviita ukatili wa kizamani.

Mimi nabisha. Kizamani kilikuwa kizamani kweli: daktari Hibbs wa New York alipoanza kuunganisha migongo ya namna hii mwaka 1914, chuma hakikuwepo, mtoto alilala miezi ndani ya plasta. Miaka ya 1950 daktari Harrington wa Texas, akihangaika na watoto wa polio, akaleta fimbo yenye kulabu juu na chini. Ilinyoosha kama jeki, lakini ikafuta ule mbonyeo wa kiunoni, na wapo waliozeeka wakitembea wameinama. Madaktari Cotrel na Dubousset wa Ufaransa ndio waliogeuza mambo miaka ya 1980: fimbo mbili, kulabu nyingi, na mgongo unazungushwa, maana pingili hazilali upande tu, zinajisokota pia. Skrubu zikafuata. Leo mtoto anasimama ndani ya siku chache.

Kamba iliruhusiwa Marekani 2019, kwa watoto ambao bado wanakua. Huyu kavunja ungo mwaka juzi. Ukuaji ambao hiyo kamba inautegemea kunyoosha mgongo utatoka wapi? Na zipo zinazokatika.

Nipingeni.

Mama Netiboli: Kaka, kamba inaweza kukatika, sawa, lakini pingili zikishaunganishwa ndiyo basi, hazikunjiki tena. Na za chini yake ndizo zitabeba mzigo miaka sitini. Umemuuliza mtoto mwenyewe? Anacheza nini?

Mleta mada: Anacheza netiboli, umepatia. Sikumuuliza, hapo umenipata. Ila pindo lake liko kifuani, ambako hata wewe na mimi hatukunjiki sana. Kiuno kikiachwa huru atainama kufunga kamba za viatu.

Mama Netiboli: Kikiachwa. Je, daktari kawaambia skrubu ya mwisho inaishia pingili ya ngapi?

Mleta mada: Hajasema. Jumatatu namuuliza, na binti akiwepo.