Ushauri wa lishe Mwanza: chumba mjini au kugawana na polikliniki?

NyotaYaZiwa: Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mtaalamu wa lishe, mwezi ujao naacha ajira nijitegemee. Nimepata chumba Barabara ya Kenyatta, na kuna polikliniki Buzuruga wanataka tugawane mapato. Kipi kina unafuu? Wanasubiri jibu Jumatatu.

NgwanaIlemela: Dada, hujataja kodi, mgawanyo, wala wateja wako ni akina nani. Tukushauri kwa lipi?

NyotaYaZiwa: Samahani. Chumba 250,000 kwa mwezi, wanataka ya miezi 6. Buzuruga wanachukua asilimia 40. Wagonjwa wangu wengi ni wa kisukari na presha.

MkaziKirumba: Achana na vyote, wafuate nyumbani. Ukiwa jikoni kwa mtu unaona mwenyewe chumvi na mafuta anayotia.

Lishe_Nyegezi: Usiingie kwenye asilimia bila maandishi. Nilikaa zahanati moja mwaka mzima kwa makubaliano ya mdomo. Miezi ya mwanzo safi kabisa. Baadaye mwenye zahanati akataka kila mgonjwa wangu atoke na kopo la unga wa virutubisho anaouza yeye. Kuna mama wa figo, nimetoka kumwelekeza apunguze protini, kufika mapokezi kauziwa unga wa protini! Nilimkimbilia getini, nikamrudishia hela yake kutoka mfukoni mwangu. Mwisho wa mwezi nikakatwa. Nilipoondoka, mafaili yote yakabaki kule. Wale wagonjwa bado nawawaza.

MkaziKirumba: Wa figo nasikia mnawakataza hata dagaa. Ziwa lote hili?

Lishe_Nyegezi: Dagaa unamla na mifupa, ana fosforasi nyingi, na figo iliyochoka inashindwa kuitoa. Mwenye figo nzima ale tu, ni kalsiamu ya bei nafuu.

NgwanaIlemela: Turudi kwenye mada. Mkataba useme mafaili ni ya nani. TIN (namba ya mlipakodi) unapata TRA, mamlaka ya mapato, bila malipo, leseni ya biashara halmashauri.

BintiIgoma: Samahani kuingilia. Mama yangu ana sukari, na kila asubuhi anakula matobolwa (viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa) na chai. Aache?

NyotaYaZiwa: Anakula vipande vingapi? Na chai anatia sukari?

BintiIgoma: Sijawahi kuhesabu. Sukari vijiko vitatu.

NyotaYaZiwa: Hivyo vijiko aache kuanzia kesho. Matobolwa mhesabie siku tatu, uniandikie hapa.

MkaziKirumba: Na Jumatatu unawajibu nini?

NyotaYaZiwa: Bado. Kesho naenda Buzuruga kuomba mkataba niusome.