Ushauri: sabufa ndogo ya kusikiliza muziki tu, sebule ya mita 3 kwa 4

WayaWaNne

Wakuu, salaam. Naomba mnisaidie kabla sijatoa hela.

Naishi Tabata, ghorofa ya pili, nyumba ya kupanga. Sebule ni mita 3 kwa 4, sakafu ya taili, kuta za tofali, madirisha ya alminiamu ya kusukuma. Nina ampilifaya ya Yamaha A-S301 na spika za rafu, Wharfedale Diamond 12.1, zenye woofa ya inchi 5. Kwa waimbaji, tarumbeta na magita sina malalamiko. Tatizo langu ni besi.

Baba yangu alipiga gita la besi kwenye bendi moja ya dansi Tanga, miaka ya 1970. Mwaka jana nilipata kanda yao nikaihamishia kwenye kompyuta. Namsikia kila mtu kwenye ile bendi isipokuwa baba. Yupo, maana nikivaa hedifoni namsikia vizuri kabisa, anatembea chini ya magita yote. Nikivua, anapotea. Sitaki sabufa ya kutingisha nyumba. Nataka kumsikia yule mzee sebuleni kwangu, na yeye ajisikie akija.

Nimeona njia tatu. Kuna seti mpya za sabufa Kariakoo. Kuna binamu yangu anarudi kutoka Marekani, yuko tayari kuniachia Polk PSW10 yake ya inchi 10. Halafu kuna jamaa anauza REL T/5i iliyotumika, inchi 8, na hiyo ndiyo ya bei kubwa kuliko zote. Bajeti yangu mwisho milioni moja na laki mbili. Mngekuwa nyie mngechukua ipi?

Fundi Chuma

Mkuu, tuanze na neno lenyewe maana ndilo linalowapoteza wengi. Dukani ukisema "sabufa" unapewa seti nzima: boksi kubwa lenye ampilifaya, redio, Bluetooth na sehemu ya flashi, pamoja na vispika vyake vya pembeni. Wewe unachotafuta ni boksi moja lenye woofa na ampilifaya yake ndani, linalochukua sauti kutoka kwenye Yamaha yako na kucheza zile za chini tu.

Ile seti haitakufaa hata ukiichomeka. Vispika vyake ni vidogo, kwa hiyo boksi linalazimika kupanda juu sana kuzifuata sauti, mara nyingi mbali kabisa kupita hezi 100 (hezi ni idadi ya mitetemo ya sauti kwa sekunde; namba ikiwa ndogo, sauti ni ya chini zaidi). Ukiunganisha na Wharfedale utasikia nusu ya sauti ya mwimbaji wa kiume inatokea kwenye kona. Na zile wati elfu kumi za PMPO, yaani nguvu ya kilele ya kutangazia biashara, zilizoandikwa kwenye katoni zisikuvute. Geuza boksi usome nyuma linakula wati ngapi za umeme. Ukikuta 60, basi hesabu yako ianzie hapo.

Hiyo ya binamu usiichomeke ukutani kabla hujasoma maandishi ya nyuma. Mashine nyingi za Marekani ni za volti 120 na hazina swichi ya kubadili. Nimeletewa mezani zaidi ya moja zilizoungua sekunde ile ile zilipowashwa. Utahitaji transfoma ya kushusha, ya wati za kutosha, na hiyo nayo ni gharama na mngurumo wake mdogo sebuleni.

Kilimani12

Mimi niko Arusha. Nilianza na inchi 8, nikaiuza ndani ya miezi mitatu. Nenda inchi 12 moja kwa moja, hutajuta. Besi ni hewa, na hewa inasukumwa na ukubwa wa woofa.

Santuri45

Kilimani12, kuhusu hewa umesema kweli. Ukishuka kutoka hezi 80 hadi 40, woofa lazima itembee mara nne zaidi kutoa sauti ya kiwango kile kile. Ndiyo maana ndogo huchoka haraka. Lakini swali la kijana wetu ni mzee wake anacheza hadi wapi, na asikilize kwa sauti gani.

Uzi wa nne wa gita la besi, ule mnene kabisa, ukipigwa wazi ni noti ya E, hezi 41 na kidogo. Bendi za wakati ule zilitumia besi ya nyuzi nne, kwa hiyo hapo ndipo mwisho wa mzee. Hata besi ya kusimama ya taarabu za Unguja kwa kawaida huishia hapo hapo. Huhitaji mashine ya kushuka hezi 20, hiyo ni kwa ajili ya milipuko ya filamu na vinanda vya kanisani. Unahitaji inayofika 35 kwa unadhifu, kwenye chumba cha mita 12 za mraba, bila kupiga kelele. Inchi 8 inatosha kwa kazi hiyo. Kilimani12 ana nyumba yake na sebule yake, huyu amepanga ghorofani.

Sasa WayaWaNne, spika zako zinaanza kulegea kuanzia kwenye hezi 65 kushuka. Noti ya E unaisikia kwa sababu ina wenzake wa juu, 82 na 123, ambao spika zako zinawatoa. Sikio linaunganisha linakuambia "ile ni E", lakini uzito wake haupo. Ndicho kile unachosema baba anapotea.

Kuhusu boksi: kuna lililofungwa na kuna lenye tundu. Polk ni la tundu, REL ni lililofungwa. Lenye tundu hupata sauti zaidi kwa wati chache, ila likifika mwisho wake linaporomoka ghafla, desibeli 24 (kipimo cha ukubwa wa sauti) kila mara hezi zinapogawanyika kwa mbili. Lililofungwa linateremka taratibu, 12 tu, na kuta za chumba kidogo huisaidia huko chini, kwa hiyo mteremko unakaribia kusawazika. Kwa muziki wa kusikilizwa kwa makini mimi huchagua lililofungwa. Noti inaanza, inakatika, inayofuata inaanza. Wazo si geni: Edgar Villchur alilitoa mwaka 1954 kwa spika za kampuni ya Acoustic Research, hewa iliyofungiwa ndani ikafanya kazi ya springi.

Lakini kabla ya kununua chochote, niambie kitu kimoja. Kochi unalokalia liko wapi?

WayaWaNne

Shikamoo mzee Santuri. Kochi liko katikati ya sebule, nyuma yake kuna meza ya chakula. Spika ziko kwenye ukuta mfupi, ule wa mita 3.

Santuri45

Marahaba. Nilihisi hivyo.

Sauti inakwenda takriban mita 343 kwa sekunde. Chumba chenye urefu wa mita 4 kinanasa wimbi la hezi 43 kati ya kuta zake mbili: 343 gawanya kwa 8. Wimbi hilo linajaa kwenye kuta na kufa katikati. Wewe umekaa pale pale linapofia. Na hezi 43 ni jirani kabisa wa E, na F iko karibu 44. Unaweza kununua sabufa ya milioni kumi, ukiikalia hapo katikati utaendelea kumkosa baba yako kwenye noti hizo hizo.

Fanya hivi leo. Pakua programu ya kutoa toni kwenye simu, weka hezi 43, iunganishe na Yamaha. Spika zako zitaitoa kinyonge, usiongeze sauti ukaziumiza. Kisha tembea polepole kutoka ukuta wa spika hadi ukuta wa nyuma ukiwa umeinama, sikio likiwa usawa wa kochi. Uje utuambie.

MamaZai

Naomba kuingia kidogo ingawa sijui vifaa. Mimi ni muuguzi, nafanya zamu za usiku, na jirani yangu wa juu ana hiyo mnayoiita sabufa. Sauti ya mwimbaji haishuki kwangu. Kinachoshuka ni ule mdundo peke yake, kutwa nzima, na nimelala masaa mawili. Mto juu ya kichwa hausaidii. Kaka, unayelala juu yake umjue zamu zake. Nakuomba sana.

WayaWaNne

Dada MamaZai, asante, na pole kwa hayo. Chini yangu kuna mzee na mke wake, nitawauliza kabla ya kitu chochote kuingia ndani.

Fundi Chuma

MamaZai anasema kweli, na raba chini ya boksi haitamaliza tatizo. Raba inazuia boksi lisitikise taili, lakini hewa yenyewe bado inasukuma zege. Faida ya kilichofungwa na kuwekwa vizuri ni kwamba huhitaji kuongeza sauti ili usikie noti. Watu huongeza kwa sababu wamekaa pabaya, na jirani kule chini amelala kwenye kona ambako kumejaa.

Bahari Shwari

Mombasa hapa. Kama pesa ingekuwepo, ningemwambia atazame zile zenye woofa mbili zilizopeana mgongo. KEF KC62 ni kijiboksi cha kama sentimita 25 kila upande, woofa mbili za inchi 6.5, moja inasukuma huku na nyingine kule, mtikisiko wa boksi unauana. SVS 3000 Micro vilevile, mbili za inchi 8. Lakini tazama gharama ya udogo huo: KEF inabeba wati 1000 ndani, SVS wati 800. Hofmann, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya spika ya KLH, alishalieleza zamani: boksi dogo, besi ya chini, na kutokula nguvu nyingi, vitatu hivyo huvipati pamoja, utachagua viwili. Kwa bajeti ya ndugu yetu hizo tuziweke kando.

WayaWaNne

Wakuu, nimerudi. Mzee Santuri, mikono yangu ilikuwa inatetemeka. Karibu na spika toni ipo. Nikisogea inapungua, inapungua, na nilipofika kwenye kochi ikawa kama mtu amezima. Nilidhani Bluetooth imekatika. Nikapiga hatua mbili kurudi nyuma, ikarudi. Miaka miwili nimekaa kwenye shimo.

Nimeongea na mama watoto. Meza ya chakula imesogea karibu na mlango wa jiko, kochi sasa liko mita moja kutoka ukuta wa nyuma. Hata bila sabufa kuna mabadiliko. Ila uzito bado, kwa hiyo naona nichukue ile REL. Niikague vipi?

Mtaa wa Nyuma

Ndugu, mimi hununua vitu vilivyotumika hapa Nairobi, pale Luthuli, na nimejifunza kwa kuumia. Usikubali kujaribishiwa kwa wimbo wa muuzaji. Beba simu yako na toni zako. Anza hezi 80, shuka tano tano hadi 30, sauti ya wastani. Sikiliza kama kuna mkwaruzo au kitu kinachogongagonga. Kisha chomoa kebo ya muziki, uache umeme tu, uweke sikio karibu: mngurumo mdogo si hoja, mkubwa ni shida ya ndani. Hiyo REL woofa yake inaangalia chini, kwa hiyo ilaze uangalie mpira wa ukingo kwa tochi, usiwe na ufa. Sukuma koni kwa vidole vya mikono miwili, pole pole na sawasawa, isikwaruze. Na usome volti. Iliyouzwa kwanza Uingereza ni 230, haina tatizo kwetu. Zile za Japani ni 100.

Uliza pia kama waya wake mrefu wenye plagi ya bluu upo. Wengi huupoteza.

Fundi Chuma

Huo waya ni muhimu. Yamaha yako ina tundu la sabufa na unaweza kutumia kebo ya kawaida ya RCA, lakini REL wanapenda uchukue sauti kwenye vituo vya spika vyenyewe: nyekundu kwenye chanya ya kulia, njano kwenye chanya ya kushoto, nyeusi kwenye hasi mojawapo. Haili nguvu ya ampilifaya. Kwa ampilifaya nyingine za daraja D usiguse hasi mpaka umesoma kitabu chake, lakini kwa hiyo yako huna wasiwasi. Zima kila kitu kabla ya kuunganisha, na uweke kifaa cha kulinda umeme, ukikatika na kurudi kwa pupa usikute moshi.

Santuri45

Ukifika nayo nyumbani, iweke kwanza juu ya kochi, pale unapokaa. Ndiyo, juu ya kochi. Cheza wimbo wenye besi inayopanda na kushuka ngazi zote, kisha wewe utambae sakafuni kufuata kuta. Mahali utakaposikia noti zote ziko sawa, hakuna inayovimba wala inayozama, hapo ndipo boksi likae. Usianze na kona kwa sababu tu inapiga zaidi. Mimi nadhani utaishia karibu na katikati ya ukuta mfupi, maana hapo haliamshi lile wimbi la upana wa mita 3, lile la hezi 57.

Krosova, yaani kikomo cha juu cha sauti ambazo sabufa inacheza, anzia hezi 60. Spika zako zitaendelea kupokea kila kitu, kwa hiyo sabufa ijaze pale zinapoishia, isizirukie. Swichi ya fezi, ile inayogeuza woofa isukume wakati ingevuta, sikiliza 0 kisha 180, baki kwenye ile yenye besi nene zaidi ukiwa umekaa. Kiwango cha sauti kiwe kidogo kuliko unavyotamani. Ukitambua kwamba kuna boksi linapiga, punguza.

WayaWaNne

Mrejesho baada ya wiki mbili.

Nilichukua REL, waya wake upo, ilipita toni zote, ilipofika 35 dirisha la dukani likaanza kulia lenyewe. Langu nalo lilikuwa linalia, nimebana vipande vya raba kwenye fremu. Boksi limekaa kwenye ukuta mfupi, sentimita 40 hivi kulia kwa katikati, mzee Santuri ulikaribia sana. Krosova iko kidogo chini ya 60, fezi 180. Wazee wa chini nimewapa namba yangu. Tumekubaliana saa kumi jioni hadi saa mbili usiku, na siku ya kwanza nilishuka kukaa kwao nusu saa wakati mke wangu anacheza muziki juu. Kunasikika kidogo sana. Wamesema hawana neno.

Jumapili baba alikuja. Sikumwambia kitu, niliweka kanda. Alikaa kimya wimbo wa kwanza wote, kichwa ameinamisha, vidole vya mkono wa kushoto vinatembea juu ya goti. Wimbo ulipokwisha akaniomba niurudishe mwanzo. Akasikiliza ile noti ya kwanza ya chini, akasema, "Uzi wa nne ulikuwa umelegea siku ile. Niliwaambia wasubiri niufunge, wakasema muda wa studio umekwisha."