Kijinundu cha Baba Mdogo

Baba Mdogo: Hamjambo wote. Nimegusa kijinundu shingoni chini ya sikio nikinyoa ndevu. Hakiumi, kwa hiyo sina wasiwasi.

Shangazi: Pole mdogo wangu. Mtoki huo. Ukande kwa kitambaa cha maji moto utanywea

Zuhura: Shikamooni. Baba Mdogo, kimekuwepo tangu lini?

Baba Mdogo: Marahaba nesi wetu. Mwezi na kitu.

Shangazi: Mwezi!! Na umenyamaza

Hamisi: Mwanangu alivimba hapo hapo wakati wa mafua, ikaisha yenyewe

Zuhura: Ya mtoto ni kawaida kaka. Koo likiuma, jino likioza, hata kidonda cha kichwani, tezi za shingo huvimba zikipambana na vijidudu. Ugonjwa ukiisha nazo hunywea, wiki mbili tatu hivi. Hiki kimepitiliza. Baba Mdogo, ukikibonyeza kinateleza?

Baba Mdogo: Ngoja

Baba Mdogo: Hakisogei. Kigumu kama kokwa.

Zuhura: Homa? Jasho la usiku? Sauti imekwaruza?

Baba Mdogo: Jasho ni joto tu hili.

Mama Mdogo: Joto gani, juzi nimebadilisha shuka usiku wa manane! Na mkanda umefika tundu la mwisho, eti mazoezi 🙄

Zuhura: Basi kesho hospitali. Na hilo la "hakiumi" lisikupoze moyo. Cha kuuma mara nyingi ni maambukizi, kisichouma na hakipungui ndicho cha kukimbilia. Huenda ni TB ya tezi, inashika shingo hata kama hukohoi, na inapona kwa dawa za miezi 6. Huenda ni saratani, sikufichi, na hapo kuwahi ni muhimu sana. Watapiga picha ya altrasaundi, pengine wafyonze kidogo kwa sindano nyembamba wakapime. Kwa simu mimi siwezi kujua.

Shangazi: Kuna mama mmoja anachua hizo, wengi wamepona

Zuhura: Shangazi wangu nakuomba, asichuliwe wala asichanjwe kwa wembe. Na asijinunulie antibiotiki.

Hamisi: Mie ninacho mbele kooni, kinapanda nikimeza 😅

Zuhura: Na wewe! Hiyo huenda ni rovu. Mfuatane.

Zuhura: Na Mama Mdogo, akianza kupumua kwa shida au akashindwa kumeza mate, muondoke usiku huohuo.

Baba Mdogo: Kesho nina kazi lakini

Mama Mdogo: Ruhusa nimeshakuombea. Saa kumi na mbili tunatoka.