Kuziba pancha nyumbani: kiraka cha gundi, kiraka cha kujibandika au tyubu mpya?

Safari_Ndefu: Ndugu zangu, gurudumu la nyuma la baiskeli yangu limepata pancha tena, na keshokutwa nina safari. Ningependa kuziba mwenyewe. Je, nichague viraka vya gundi, viraka vya kujibandika au tyubu mpya?

Spoki: Hujasema tundu liko wapi, wala ukubwa wa tairi. Likiwa upande wa tairi, pitisha vidole taratibu ndani ya tairi utafute mwiba. Likiwa upande wa rimu, kagua mkanda unaofunika vichwa vya spoki. Likiwa penye shina la vali, usihangaike na kiraka, nunua tyubu.

Gundi_Kwanza: Kwangu mimi gundi haina mpinzani. Piga msasa mpaka mng'ao wa mpira uishe, paka gundi nyembamba kwa eneo linalozidi kiraka, kisha subiri mpaka isiwe na majimaji ndipo ubandike na kukandamiza kwa nguvu. Wengi hubandika gundi ikiwa bado mbichi, halafu hulaumu kiraka.

Mteremko: Viraka vya kujibandika vinafaa kukufikisha nyumbani tu. Niliwahi kubandika kimoja njiani, na kwa kuwa pakiti iliahidi kwamba kingedumu, nikaendelea kukitumia kwa majuma kadhaa bila wasiwasi. Siku moja ya jua kali, nikiwa katikati ya mteremko mrefu, ukingo wake ukanyanyuka, upepo ukapungua, na gurudumu la mbele likaanza kuyumba kiasi kwamba usukani haukunitii. Nilisimama salama, lakini nilipofungua tairi, kiraka kilitoka chenyewe kama ganda la ndizi mbivu.

Gundi_Kwanza: Pole sana. Hata hivyo, tyubu mpya nayo huingia pancha ileile iwapo mwiba umebaki ndani ya tairi.

Safari_Ndefu: Samahani kwa kuchelewa kujibu. Tairi ni 700×25, na matundu ni mawili, madogo, yaliyo sambamba.

Spoki: Basi si mwiba! Hiyo ni tyubu iliyobanwa kati ya tairi na rimu ulipogonga ukingo wa shimo, na kwa kawaida chanzo ni upepo mdogo. Viraka vya gundi vinatosha, mradi vifunike matundu yote mawili kikamilifu.

Mteremko: Kwa safari ya keshokutwa, afadhali aweke tyubu mpya, na ile iliyozibwa aibebe kama akiba. Kwa tyubu za plastiki nyembamba, viraka vya kawaida havifai.

Gundi_Kwanza: Tyubu mpya haitamsaidia kama anapima upepo kwa kubonyeza tairi kwa kidole gumba tu. Tairi ya milimita 25 huhitaji upepo mwingi kuliko ile pana, na gurudumu la nyuma ndilo hubeba uzito mkubwa zaidi.

Mteremko: Upepo ukizidi nao huipunguzia tairi mshiko, hasa barabara ikiwa mbovu. Kwa maoni yangu, angehamia milimita 28, kama fremu yake inaruhusu.

Spoki: Safari_Ndefu, pampu yako ina kipimo? Na una uzito gani pamoja na mizigo?